Pingu za Mama Kenkayeri

Katika barabara yetu ya Butembo hakuna aliyemwita kwa jina lake. Alikuwa na kenkayeri, yaani duka la misumari, majembe, mabati na kufuli za kila namna, ambazo sisi huziita kadena, na duka hilo ndilo lililompa jina: Mama Kenkayeri. Hata watoto aliowazaa mwenyewe, wakimtafuta, walisimama mlangoni na kuuliza, "Mama Kenkayeri iko?" kama wateja wengine. Mimi ni mshonaji. Cherehani yangu ilikaa kwenye barza, kibaraza cha mbele ya duka lake, upande wa kushoto wa mlango wake, na kwa miaka mingi nilimwona kila siku ya kazi. Jumapili nilimwona kanisani, akisinzia wakati wa mahubiri huku amekaa wima kabisa na macho yamefunguka nusu, ustadi ambao sijamwona nao mtu mwingine.

Alikuwa mfupi, mnene, mwenye sauti iliyovuka barabara bila yeye kuinuka. Mimi aliniita mudogo wangu, na mimi nilimwita yaya, yaani dada mkubwa.

Sijamwona mfanyabiashara kama yeye, na Butembo si mji wa kukosa wafanyabiashara. Alikuwa amekwenda Kampala, alikuwa amekwenda Dubai, na kote huko, kwa maelezo yake, alichokiona ni vyuma. Ukimuuliza Dubai ikoje atakuambia habari za bawaba za milango. Na hakuna kitu alichokataa kuuza. Siku moja mteja mmoja alikisifu kiti alichokuwa amekalia. Mama Kenkayeri akainuka, akakipangusa kwa pindo la kitenge, akataja bei, na mchana wote akauza misumari akiwa amesimama.

Ndiyo maana pingu zake zilitushangaza. Pingu hakuuza.

Zilikuwa kwenye chumba cha nyuma, nyuma ya mapipa ya rangi, zimetundikwa ukutani kwa misumari mirefu. Hazikuwa pingu kama hizi za polisi wa leo, nyepesi na zenye kung'aa. Zilikuwa za zamani, za wakati wa wazungu na nyingine za kabla ya hapo: nene, nyeusi, nyingine zimeungana kama tarakimu ya nane, nyingine zina mnyororo mfupi katikati, na moja ilikuwa ya miguu, nzito hata ukiinyanyua mkono unashuka wenyewe. Mgeni akiingia na kuanza kuuliza maswali, Mama Kenkayeri alimkata.

"Shika kwanza. Utasema nyuma."

Alimwekea pingu kiganjani na kumtazama usoni. Watu wengi walinyamaza. Wengine waliirudisha haraka kama waliokabidhiwa nyoka. Wachache, na hao ndio aliowapenda, walianza kuigeuza, kutafuta tundu la ufunguo, kusoma herufi za kiwanda zilizogongwa kwenye chuma. Mtu wa namna hiyo aliletewa chai.

Namna alivyoanza kuzipenda aliisimulia kwa njia nyingi, kutegemea anayemsikiliza. Kwa wanawake wa koro, wale waimbaji wa kanisani, alisema ni urithi wa shangazi. Kwa watu wa kodi alisema ni takataka, anangojea muhunzi mmoja aje azichukue. Lakini mimi nilikuwepo. Alikuwa amenunua rundo la vyuma vikuukuu kutoka nyumba iliyobomoka ya shamba la mzungu, upande wa Kayna, akitafuta vipande vya kutengenezea madirisha. Chini ya rundo kulikuwa na pingu moja, imejifunga yenyewe kwa yenyewe, haina mkono ndani wala ufunguo. Angeweza kuitupa. Yeye aliipakata.

Ilikuwa majira ya mvua, wateja ni wachache. Aliuza huku ameiweka mapajani, akiichokoa kwa waya. Aliiloweka kwenye mafuta ya taa. Alikuja kwangu akaomba mafuta ya cherehani, na tangu siku hiyo chupa yangu haikukaa imejaa. Mwishowe akagundua kwamba ufunguo wake haukuwa wa meno kama wa kadena, ulikuwa wa kuzungusha kama visi, yaani skrubu. Akachukua visi kubwa, akaitoboa na kuikwangua kwa tupa, akaijaribu, akaikwangua tena. Mchana mmoja nikasikia ananiita.

"Mudogo wangu! Kuya, kuya usikie vile inalia!"

Nilienda. Akazungusha. Ndani ya chuma kitu kikasogea na kutoa sauti ndogo, kama mtu anayemeza mate, na pingu ikafunguka. Alicheka hata akashika mlango. Akaifunga, akaifungua, akaifunga tena.

"Mi nimeuzisha kadena maisha yangu yote," alisema, na kama kawaida yetu akatia mais ya Kifaransa mahali pa lakini. "Hata moja sijaipendaka. Kadena inalinda mali, basi. Mais hii… mutu alikaa chini akaiwaza. Akawaza mukono ya mutu mwingine, vile itavuta, vile itapinda. Unaona? Iko akili mubaya, mais ni akili."

Nilirudi kwenye suruali niliyokuwa nashona.

Simu yangu ndiyo iliyomfikisha kwa mzee mmoja wa Ubelgiji. Nilipiga picha za pingu zake kwa kumfurahisha, nikaziweka mahali fulani kwenye mtandao ambapo watu wa nchi nyingi huonyeshana vitu vya zamani. Kabla sijamaliza kukunja nguo za siku hiyo, majibu yakaanza kuingia. Kumbe ulimwenguni wako watu wengi wenye ugonjwa huo. Mmoja alikuwa mzee huyo, aliyestaafu kazi ya reli, mwenye ghala la chini ya nyumba lililojaa pingu peke yake. Aliandika Kifaransa cha heshima, nami nikamsomea Mama Kenkayeri. Baadaye wakawa wanatumiana sauti, yeye kwa Kifaransa cha sokoni, mzee kwa Kifaransa chake cha polepole.

Kutoka kwake tulijifunza mengi. Alimwambia asisugue kutu, maana ngozi nyeusi ya chuma ndiyo umri wake, na wakusanyaji wanalia wakiona pingu iliyong'arishwa. Alisema pingu yenye ufunguo wake wa kuzaliwa, ambao namba yake inafanana na namba ya chuma, ni kama mtu aliyepatikana pamoja na kivuli chake. Alisimulia habari za mafundi wa kale walioshindana na wezi: fundi anabuni kufuli, mwizi anaishinda kwa kamba ya kiatu, fundi anabuni nyingine. Hicho ndicho alichokipenda yeye, yale mashindano. "Ninaposhika moja," alisema, "nasikia watu wawili wanabishana ndani yake, na mimi nataka mfungwa ashinde."

Mama Kenkayeri alilipenda neno hilo. Alinitaka nilirudishe alisikie tena.

"Huyu mzungu," akasema, "iko na roho."

Mzee aliomba mara nyingi amuuzie ile ya kwanza, ile ya Kayna. Alikataa. Na kwa mtu aliyeuza kiti alichokalia, kukataa huko kulikuwa na adabu ya ajabu: kila mara alimwulizia kwanza habari za mke wake, halafu mvua, halafu magoti, ndipo akasema hapana.

Kanisani mambo hayakuwa mepesi. Wanawake wa koro walianza kunong'ona kwamba mtu hawezi kulala nyumba moja na vyuma vya wafungwa waliokufa bila roho zao kumsumbua. Mmoja alisema alisikia minyororo ikilia alipopita dukani. Kweli ililia, maana Mama Kenkayeri alikuwa anaipaka mafuta. Maneno yakamfikia pasta, naye akaja na wazee wawili wa kanisa ili wakiombee chumba.

"Mama," pasta alisema, "batu banasema unalinda vitu vya giza."

"Pasta, shika kwanza."

Akamwekea mkononi pingu moja iliyofungwa pamoja na ufunguo wake. Ufunguo huo ulikuwa na hila: lazima uusukume ndani, uuzungushe kushoto, kisha uurudishe kidogo. Pasta akajaribu mara moja, kwa heshima. Akajaribu tena. Akavua koti. Wale wazee wawili wakamsogelea, mmoja akashauri hivi, mwingine vile, wakaanza kupokonyana. Mimi nilikuwa na gauni la harusi la kumaliza lakini sikushona kitu. Jioni ilipokaribia, pingu ikafunguka mkononi mwa pasta, naye akapiga kelele ya furaha kama mtu aliyeshinda mpira. Maombi yalifanyika, ndiyo, lakini yalikuwa mafupi na ya shukrani.

Nisimfanye malaika. Mdomo wake ulikuwa mkali. Msichana aliyempimia misumari alilia kwenye barza yangu zaidi ya mara moja. Aliweza kuvunja urafiki kwa sababu ya bati lililopinda, na aliogopa hospitali kuliko kifo, hata jino lilipomuuma alijifunga kitambaa usoni na kuendelea kuuza mpaka uso ukavimba kama ndizi. Huruma yake nayo alikuwa anaificha kama mtu anavyoficha deni. Watu waliokimbia vita walipofika mjini, akampa mama mmoja jembe, halafu akamfokea mlangoni ili sisi tufikiri amemfukuza.

Alivyokuwa kwa kweli nilikuja kuona siku alipoletwa mwendesha pikipiki mmoja.

Ilikuwa mchana, duka limejaa. Polisi mmoja aliingia akimvuta kijana mtu mzima, dereva wa pikipiki, anayesingiziwa kuiba pikipiki ya mtu. Mikono yake ilikuwa imefungwa kwa pingu mpya, zile za bei nafuu, na zilikuwa zimejikaza mpaka vidole vimebadilika rangi. Ufunguo ulikuwa umevunjikia ndani. Wamepita kwa wahunzi wawili, wote walitaka kukata kwa msumeno, na kijana aliogopa msumeno kuliko jela.

"Mama," polisi akasema, "banasema wewe unajuaka hii maneno."

Mama Kenkayeri alimtazama kijana mikono, akamsukumia kiti, akamwambia, "Kaa, mwana wangu. Usivute. Ukivuta inakaza." Akawatoa wateja wote. Akaniita nimshike kijana mabega. Akafanya kazi na kipande chembamba cha bati, ulimi umetoka kidogo pembeni mwa mdomo, akinung'unika kwa Kinande maneno ambayo mwanamke wa koro hasemi. Pingu ya kwanza ikaachia. Kijana akalia. Ya pili ikachukua muda mrefu zaidi, na mimi nikawa ninaviogopea vidole vile. Ikaachia nayo. Mama Kenkayeri akachukua mikono yote miwili akaipaka mafuta ya mawese, taratibu, kuanzia kiwiko kushuka.

Polisi akanyoosha mkono apewe pingu.

"Lete ufunguo wake, nitakupatia."

"Mama, ufunguo si ulivunjika? Hii ni ya Serikali!"

"Donc, basi, haina ufunguo. Kitu cha kufunga batu kisicho na ufunguo, mi sirudishi kwa mutu. Serikali ikuye yenyewe, nitaipatia chai."

Watu walikuwa wamejaa barabarani, wanatazama. Polisi alitazama watu, akamtazama yeye, akamtazama kijana. Nilidhani atampiga. Badala yake akafuta jasho na kusema kwa sauti ya chini, "Basi, twende." Wakaenda. Kijana angeweza kukimbia, lakini alitembea kando ya polisi, mikono yake ameibeba mbele kama mtu aliyebeba mayai, na ukiwaona kwa mbali ungedhani ni ndugu wawili wanaenda sokoni. Nilikuja kusikia kwamba aliachiliwa. Pikipiki ilikuwa ya shemeji yake.

Nikadhani pingu ile ataitundika pamoja na nyingine. Aliitupa kwenye pipa la vyuma chakavu.

"Haina akili hata kidogo," alisema. "Ni kukaza tu."

Kulikuwa na chuma kimoja ambacho hakukitundika. Mkulima mmoja wa kakao wa upande wa Beni alikifukua shambani mwake alipokuwa akichimba mashimo ya miche. Ilikuwa pete ya chuma, pana, ya kifundo cha mguu, iliyopindwa na kugongwa nyundo ncha zake zikakutana. Haikuwa na kufuli. Haikuwa na tundu. Aliyevalishwa hiyo hakuna aliyewaza kwamba siku moja ataivua. Nilipiga picha, nikamtumia mzee wa Ubelgiji, naye akajibu kwa upole kwamba kwa mkusanyaji kitu hicho hakina mvuto, hakuna kazi ya fundi ndani yake, hakuna siri ya kutafuta.

Mama Kenkayeri alisikiliza sauti hiyo mpaka mwisho. Hakunitaka niirudishe. Kwa majuma kadhaa hakumjibu mzee, na pete ile aliiweka kwenye sanduku la nguo zake za kanisa, katikati ya vitenge. Nilimwuliza kwa nini hapo.

"Kwani niiweke wapi?" akasema.

Halafu ikaja safari ya Beni.

Alikuwa amekwenda huko kumwona binti yake, na mimi nilimsindikiza kwa sababu nilitaka vitambaa. Huko mtu mmoja akamuuzia pingu nzuri sana, yenye ufunguo wake. Aliifunga kwenye taulo na kuiweka chini ya begi, na njiani wakati wa kurudi alikuwa ananigusa kiwiko kila baada ya kilima, akitabasamu. Tulikuwa kwenye basi dogo lililojaa. Kwenye barieri, kizuizi cha barabarani, askari walituteremsha wote ili wakague mizigo, jambo la kawaida. Askari kijana akafungua taulo.

"Mama, oyo nini?" akauliza kwa Kilingala, hii ni nini.

Sijui kama aliye mbali anaweza kuelewa kitu hicho kilimaanisha nini pale. Kwenye barabara hiyo watu walikuwa wanachukuliwa na watu wenye silaha kutoka porini. Kila mmoja katika basi lile alikuwa na mtu wake aliyekwenda shambani na hakurudi, au alirudi na hakuwa yule aliyekwenda. Na sasa hapa kuna mama mnene mwenye pingu kwenye begi.

"Njo bale banabebaka batu!" mwanaume mmoja akapiga kelele nyuma yangu, kwamba ndio hao wateka watu. "Banatumiaka bamama!"

Wote wakageuka. Watu niliokuwa nimekaa nao tangu asubuhi, tuliogawana nao karanga, walitusogelea. Mtu akaokota jiwe. Mama Kenkayeri alifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, sauti haikutoka. Mkubwa wa askari akaja, akauliza pingu ni ya kazi gani.

"Ni ya kuangalia," akasema polepole.

"Kuangalia? Kuangalia nini?"

Maneno yote ya mzee wa Ubelgiji, mafundi na wezi na mashindano, ukiyasema pale, mbele ya nyuso zile, yangekuwa matusi.

Aliyetuokoa ni mwanamke mmoja mwenye mtoto mgongoni. Alijipenyeza mpaka mbele akamtazama vizuri Mama Kenkayeri. "Huyu ni wa kenkayeri ya Butembo," akasema. "Bwana yangu ananunuaka mabati kwake. Mudomo mubaya, mais si muuaji." Mtu mmoja akacheka, mwingine akacheka, na yule wa jiwe akaliangusha. Hata hivyo askari walituzuia pale mpaka jua likaegemea, basi likaondoka bila sisi, na pingu ikabaki kwao. Tulipanda lori la mbao. Tulipoanza kusikia baridi ya Butembo ndipo Mama Kenkayeri akasema, "Balikuwa na haki."

"Yaya, wangekuua."

"Njo. Na balikuwa na haki."

Kesho yake alizifunika pingu zote kwa shuka. Hakuzipaka mafuta, hakuzionyesha. Mgeni akiuliza, alisema ameuza. Mzee wa Ubelgiji akatuma sauti, akauliza kama ni mgonjwa, kama amemkosea kwa ile pete, kama ndivyo basi anaomba msamaha. Mwishowe Mama Kenkayeri alinishika mkono nimwekee simu mdomoni.

"Papa," alisema kwa Kifaransa chake, nami nakumbuka kila neno, "sina hasira na wewe. Kwenu zile vitu zimezeeka. Hapa bado hazijazeeka."

Mzee akajibu kwamba ameelewa, kisha akasema kwamba labda hajaelewa, lakini atazifikiria zake upya anaposhuka kule chini. Hakuomba tena kununua. Waliendelea kuulizana magoti.

Magoti ndiyo yaliyomtoa Butembo. Baridi yetu ilimzidi, binti yake akamchukua Beni kwenye joto, na duka likabaki kwa mtoto wake mwingine, ambaye hauzi viti. Nilikaa muda mrefu bila kumwona, kwa sababu ya hatari ya njia. Mwaka huu nimekwenda.

Nilimkuta ndani ya parseli, kiwanja cha nyumba ya binti yake, kwenye chumba chenye mlango wazi unaotazama uani, ambako kakao ilikuwa imeanikwa juu ya turubai. Amepungua. Kitenge kilimzunguka mara mbili. Tulisalimiana mpaka tukachoka, na ndipo nikaona ukutani, nyuma yake, pingu zimetundikwa waziwazi. Aliniona ninavyotazama.

"Kuko mutu anazitumia," akasema.

Akanieleza. Kwenye parseli ya jirani alikuwa amepokewa mwanamke mmoja aliyekimbia kutoka upande wa Kamango, mwanamke mzima, wa miaka thelathini hivi. Alichukuliwa shambani, akakaa porini kwa muda asiotaka kuutaja, akifungwa mikono kwa kamba, kisha akarudi. Siku moja alikuja kuomba chumvi. Binti alikuwa akisafisha vyumba, shuka imeondolewa, na yule mwanamke akaona pingu zimelala kwenye mkeka. Akasimama kama mti. Mama Kenkayeri, kwa aibu, akaanza kuzikusanya ndani ya kanga.

"Akaniambia sawa vile mutu anaambia bibi yake, 'Acha, koko. Nionyeshe vile inafungukaka.' Nikamuonyesha. Akarudia kesho, na kesho yake. Anakuyaka kila siku. Hasemi mingi. Anafunga, anafungua, anaenda."

Tulikuwa bado tunaongea alipokuja. Mwanamke mrefu, mwembamba, aliyesalimia kwa sauti ya chini na kunawa mikono kwenye ndoo ya mlangoni. Hakunijali. Alitungua moja, akakaa sakafuni, akaanza kuifungua na kuifunga, na nikasikia chuma kikimeza mate yake. Alikuwa na mikono myepesi. Kwenye vifundo kulikuwa na mistari ambayo sikuitazama mara mbili. Sisi tuliendelea kuongea habari za watu wa barabara yetu, nani ameolewa, nani amefariki.

Ghafla akainuka.

"Koko," akasema, "leta mikono."

Mama Kenkayeri alimtazama. Halafu akanyoosha mikono yake miwili mbele, kama mtoto anayeonyesha kwamba amenawa. Yule mwanamke akamfunga. Mkono wa kwanza, mkono wa pili, akazungusha ufunguo mpaka mwisho. Akarudi nyuma hatua chache, akamtazama mwanamke mzee aliyefungwa kwenye kiti. Uso wake sikuweza kuusoma. Kisha akaufumbata ufunguo kiganjani, akageuka, akatoka. Nilimwona akipita kando ya kakao, akapita mlango wa parseli, akapotea barabarani.

Nikasimama.

"Yaya! Ameenda na ufunguo!"

"Nimeona."

"Nimwite?"

"Kaa chini."

Nilikaa. Pikipiki zilipita nje, moja, nyingine, kundi zima. Joto la Beni linashuka juu ya mtu kama blanketi lililolowa, na jasho likaanza kumtiririka Mama Kenkayeri kwenye paji la uso likaingia machoni. Hakuweza kulifuta. Nilimfuta kwa pindo langu. Mikono yake, iliyopungua kiasi kile, ilikuwa imelala juu ya magoti mabovu na chuma kizito kikiyabonyeza.

"Inaumia?" nikauliza.

"Inaumia."

Kakao ilianza kupata kivuli cha ukuta. Binti yake akatokea jikoni, akaona, akaweka mkono mdomoni, na mama yake akamtikisia kichwa arudi. Nilisema kwamba basi nimtafute muhunzi, nilisema yule mtu huenda hayuko sawa, nilisema atakuwa amefika mbali sasa. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa.

"Mudogo wangu," akasema, "iko na haki ya kukawia."

Yule mwanamke alirudi bila haraka. Alisimama mlangoni, miguu ina vumbi mpaka magotini, akamkuta Mama Kenkayeri yuko palepale alipomwacha. Kisha akapiga magoti, akauingiza ufunguo, akazungusha upande mmoja, akazungusha mwingine. Chuma kikaachia. Vifundo vya Mama Kenkayeri vilikuwa vimebaki na alama nyekundu, na yule mwanamke akaweka vidole gumba juu ya alama hizo, akazisugua.

"Niliwaza nisirudie," akasema.

"Ninajua."

"Nilifika mpaka kwa daraja."

"Ninajua, mwana wangu."

Halafu, bila kuinua uso, mwanamke akanyoosha mikono yake mwenyewe, viganja juu, karibu kabisa na pingu iliyokuwa wazi mapajani mwa Mama Kenkayeri.

"Sasa wewe, unifunge. Kidogo tu."

"Hapana," akasema Mama Kenkayeri.

Alisema haraka sana, kabla hata yule hajamaliza, na kwa sauti ileile aliyotumia kwa wanunuzi waliotaja bei ya upuuzi. Akaichukua pingu akanipa mimi. Mwanamke akabaki amenyoosha mikono, haina kitu, haina anayeishika, akiitazama. Kisha akaiteremsha. Mabega nayo yakateremka. Akajisogeza akaegemeza mgongo kwenye mguu wa kiti, akanyoosha miguu yake yenye vumbi katikati ya chumba kama mtu aliye kwao, akauliza kama sombe, yale majani ya muhogo ya mchana, ilibaki.

Ilikuwa imebaki.